Mpango wa uendelevu wa mnunuzi wa kahawa: tathmini kutoka Buhigwe

Chama chetu cha msingi cha ushirika cha wakulima wa kahawa, kilichoko Wilaya ya Buhigwe mkoani Kigoma, kimemaliza msimu mzima ndani ya mpango wa uendelevu wa kampuni inayopeleka kahawa yetu Ulaya, nami kama katibu ninaandika tathmini hii kwa ajili ya vyama vitakavyoalikwa.

Sifa kubwa ya mpango huu ni maofisa wake. Hawakuanza kwa kugawa fomu, bali walikaa na wakulima kwenye kituo cha kumenyea kahawa wakaeleza kwamba kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyopitishwa mwaka 2023 inakataa kahawa iliyolimwa penye msitu uliofyekwa baada ya Desemba 31, 2020, na kwamba ndiyo maana mahali lilipo kila shamba panapaswa kujulikana. Wengi walihofia kwamba kuchukuliwa alama za mashamba ni mwanzo wa kunyang'anywa ardhi. Hofu hiyo ilianza kuondoka pale ofisa alipomkabidhi mama mmoja simu ashike mwenyewe, akasimama katikati ya mibuni yake na kuiona nukta ikitokea kwenye ramani. Kwa shamba lisilozidi hekta 4, nukta moja inatosha. Kuanzia hapo, wakulima wenyewe ndio waliokuwa wakiuliza zamu yao ni lini.

Fomu ya chama kujitathmini, kwa bahati mbaya, ililetwa kwa Kiingereza.

Kinachonisikitisha zaidi ni mgawanyo wa gharama na faida. Tulitakiwa kuchimba shimo la maji machafu ya kumenyea kahawa ili yasiingie mtoni, jambo ambalo ni la haki kabisa kwa wanaochota maji huko chini, lakini fedha zilitoka kwenye makato ya wakulima na mkataba haukutaja nyongeza yoyote ya bei. Aidha, taarifa za mashamba yetu zimebaki kwa kampuni. Tuliomba nakala, tukapewa ahadi. Bila nakala hiyo, tukipata mnunuzi mwingine itabidi tuanze kazi yote upya, na kampuni inayotaka wakulima wajitume haipaswi kuwafunga namna hiyo.

Ninavishauri vyama vijiunge, ila kabla ya kusaini vidai mambo matatu yaandikwe kwenye mkataba: nyongeza ya bei kwa kilo, mchango wa kampuni katika ujenzi, na nakala ya taarifa zote kukabidhiwa chama kabla msimu haujafungwa.