Kichujio cha barua pepe ofisini kwetu Mtwara, baada ya miezi 14

Ofisi yetu iko Mtwara mjini, si mbali na bandari, na kazi yetu ni nyaraka tu: ankara, orodha za mizigo, hati za korosho ghafi zinazokwenda India na Vietnam. Msimu wa juzi, minada imepamba moto, mwenzangu alifungua kiambatisho kilichoandikwa Ankara.pdf. Kumbe jina lake kamili lilikuwa Ankara.pdf.exe, yaani programu na si hati, ila Windows usipoirekebisha huficha kile kipande cha mwisho. Kufika adhuhuri kila faili kwenye kompyuta ile limefungwa, na kikaratasi cha kudai pesa kiko kwenye kioo. Tuliokolewa na makabati ya mafaili ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nikitaka yatupwe.

Ndipo tukajiunga na huduma ya kuchuja barua pepe. Jina naliacha, maana nina ya kuisifu na ya kuilalamikia. Fundi alibadilisha rekodi ya MX ya domeni yetu, ile inayoelekeza barua zetu zipelekwe seva gani, zikawa zinapitia kwao kwanza. Ndani wanatumia SpamAssassin kwa barua taka na ClamAV kwa virusi. Zote mbili ni programu za bure, kwa hiyo shilingi 10,000 kwa kila anwani kwa mwezi unalipia matunzo.

Siku ya kwanza niliijaribu kwa EICAR, faili la herufi 68 lisilodhuru kitu, ambalo programu za kinga zimekubaliana kulitendea kama kirusi. Likakamatwa. Nikaliweka ndani ya zipu, yaani faili lililobanwa, likakamatwa. Nikaifunga zipu kwa nywila: ikapita kama upepo. Ni kweli kichujio hakiwezi kusoma kilichofungwa, lakini kwa nini nigundue mimi mteja? Nilipopiga simu wakaweka sheria kwamba zipu yenye nywila inabaki karantini, kule barua za kutiliwa shaka zinakozuiliwa. Ilitakiwa iwepo tangu mwanzo.

Kilichonifurahisha zaidi ni jinsi wanavyowapokea wageni. Seva isiyojulikana ikileta barua mara ya kwanza huambiwa irudi baadaye. Seva ya mtu mstaarabu itapiga hodi tena. Roboti za matapeli nyingi zikikosa kuitikiwa huhamia nyumba ya pili. Gharama yake ni kwamba barua ya mteja mpya hutuchelewa, mara nyingine robo saa, na siku ya mnada robo saa ni ndefu.

Barua taka za Kiingereza zilipungua wiki ileile, na bando likaanza kufika mwisho wa mwezi. Za Kiswahili ndizo zilizonitoa jasho. Wale jamaa wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" nao wamehamia kwenye barua pepe, na kichujio kiliwapitisha bila wasiwasi. Sehemu yake inayojifunza haianzi kutoa alama hadi ionyeshwe barua taka 200 na barua safi 200. Nilizikusanya moja moja kwenye folda, karibu miezi miwili. Sasa inawatambua.

Kosa kubwa lilikuwa langu. Kichujio huipa barua alama kwa kila dalili ya taka, nayo huanza kuhesabiwa taka ikifikisha alama 5. Mimi kwa hofu nikashusha hadi 3. Mnunuzi wetu wa Vietnam huandika kichwa cha barua kwa herufi kubwa tupu na kubandika picha ya hati bila maelezo. Barua yake ya Alhamisi ikalala karantini, tukaiona Jumatatu, meli imeshafunga kupokea mizigo. Nikarudisha 5 siku ileile.

Tumelipia mwaka mwingine. Lakini sasa orodha ya karantini inafunguliwa saa mbili asubuhi na saa tisa alasiri, na barua yoyote inayosema akaunti ya benki imebadilika, hata iwe safi namna gani, tunampigia mteja mwenyewe kwa namba iliyo kwenye faili la karatasi.