Wikendi ya Lisbon peke yangu: tikiti ya bei poa, kitanda cha juu na kaburi la Vasco da Gama

Naanza na hesabu, maana ndiyo ninayoitafuta kwanza nikisoma uzoefu wa wenzangu. Tikiti ya ndege kwenda na kurudi: euro 41. Kitanda cha hosteli, usiku mbili: 54. Kodi ya jiji: euro 4 kwa kila usiku, unailipa mapokezini na haimo katika bei unayoiona mtandaoni. Basi la kwenda uwanja wa ndege na kurudi, huku Ujerumani: 30, kwa sababu uwanja wenyewe uko porini, mbali na mji wowote wa maana. Chakula, tramu, kufuli na mengineyo: kama 70. Ukijumlisha, ile safari ya euro 41 niliyojitapa nayo jikoni bwenini imenitoka euro 203. Sijutii, ila mtu asikudanganye.

Mimi ni mtu wa Mombasa, niko mwaka wa pili wa uzamili. Tulipanga kwenda Lisbon, mji mkuu wa Ureno, tukiwa watatu. Wiki moja kabla, mmoja akakumbuka mtihani, mwingine akakumbuka kodi ya nyumba. Tikiti hairudishwi. Nikaenda.

Ndege naipa nyota mbili kati ya tano, na ya pili ni kwa sababu tulifika. Tabu yangu ilianza kwenye ukaguzi. Pasi ya kupanda ndege nilikuwa nayo tayari, nimeichapa maktabani, na sikuwa na mzigo wa kupeleka kaunta, basi nikapitiliza moja kwa moja. Mlangoni nikarudishwa: abiria mwenye pasipoti isiyo ya Umoja wa Ulaya alitakiwa apite kaunta kwanza, hati zake zitazamwe, agongewe mhuri. Maelezo hayo yalikuwapo kwenye pasi, chini kabisa, kwa herufi za kusomwa na sisimizi. Nikarudi mbio nikiwa nimevaa jaketi mbili na sweta, maana begi lililoruhusiwa ni lile la kuingia chini ya kiti tu, na nguo zisizoingia begini nilizivaa. Kaunta moja, mhudumu mmoja, foleni ya watu wenye pasipoti za rangi zote. Niliingia ndegeni miongoni mwa watu watano wa mwisho, jasho linanitiririka katikati ya Februari.

Kwa hiyo, wenzangu wenye kibali cha ukaazi: kadi ya Ujerumani inakuruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen, yaani zile za Ulaya zilizokubaliana kufunguliana mipaka, hadi siku 90 katika kila siku 180, lakini usiiache pasipoti nyumbani. Vinakwenda pamoja. Na fika uwanjani saa mbili kabla, hata kama huna mzigo.

Lisbon uwanja wa ndege umo mjini kabisa, metro inakuchukua hapo hapo. Unanunua kikadi cha karatasi kwa senti 50, unakijaza pesa, na kinafanya kazi kwenye metro, tramu, basi na hata vivuko. Kila mtu na kadi yake, hamwezi kuchangia. Ukilipa taslimu ndani ya tramu utatozwa zaidi. Na rudisha saa nyuma kwa saa moja, la sivyo utafika kila mahali mapema kama mimi.

Hosteli ilikuwa juu ya mlima. Nasema mlima kwa sababu mtu wa kisiwani kama mimi haiti ile kitu barabara. Njia zao zimetandikwa vijiwe vidogo vyeupe na vyeusi, vimesuguliwa na nyayo mpaka vinang'aa, na mvua ikinyesha vinateleza kama sakafu iliyomwagiwa maji ya sabuni. Usivae viatu vya soli laini. Niliteleza mara mbili kabla sijafika mlangoni, mara moja mbele ya mzee aliyekuwa akivuta sigara dirishani, naye akanipa pole kwa Kireno. Sikuelewa neno, nikaielewa pole.

Chumba cha wanawake sita, dabo deka tatu. Nilipewa kitanda cha juu. Nyota nne. Ingekuwa tano, lakini makabati hayana kufuli, na ukija bila lako wanakuuzia kwa euro 6. Tena dada mmoja wa kitanda cha pili alikoroma usiku kucha. Hilo si la hosteli, najua, lakini mimi ndiye niliyekesha. Maji moto yapo, jiko safi, taa ya kusomea kila kitanda. Pazia halikuwapo. Nilichomeka leso yangu ya kujifunika kwenye chuma cha kitanda ikawa pazia, na hapo ndipo kijichumba changu kilipopatikana.

Jambo lililogeuza safari yangu lilikuwa ukutani karibu na mlango: karatasi iliyoorodhesha matandiko ya kurudisha siku ya kuondoka, kwa Kireno juu na Kiingereza chini. *Fronha*, imeandikwa. Nikatazama chini: foronya ya mto. Foronya! Nilicheka peke yangu, dada wa Korea wa kitanda cha chini akanitazama. Sasa mwelezee mtu kwa nini foronya inachekesha. Kuanzia hapo wikendi nzima nikawa mwindaji. *Mesa* mgahawani, meza. *Bandeira* juu ya jengo, bendera. *Lenço*, kitambaa cha kichwa au cha mkononi, ndiyo leso niliyoifanya pazia. Zamani wanawake wa pwani walikuwa wakinunua vile vitambaa vya Wareno na kuvishona pamoja vikawa nguo moja pana. Na *igreja*, kanisa, kila kona. Kwetu limekuwa gereza. Fort Jesus ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga 1593, ndani yake mlikuwa na kanisa, na Waingereza walipokuja wakaifanya ngome nzima jela tangu 1895 mpaka 1958. Sijui kuna safari gani ndefu kwa neno kuliko hiyo.

Mama akapiga simu usiku huo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona wanong'ona?"

"Niko Ureno. Watu wamelala."

"Ureno! Na nani?"

"Peke yangu."

Kimya. Kisha: "Umekwenda kufanya nini?"

"Kutembea tu, mama."

"Kutembea kwa nani?"

Sikuwa na jibu. Kwetu mtu hutembea kwa shangazi, kwa rafiki, kwa wifi. Kutembea kwenye mji usio na mtu wako hata mmoja, kulala chumba kimoja na watu usiowajua, na ukalipia! Nilimwambia kuna kaka mmoja wa chuo anaishi huku. Mungu anisamehe.

Jumamosi nilichukua ile ziara ya miguu inayoitwa ya bure. Si ya bure. Mwishoni kofia inapita, na macho ya watu yanapita nayo. Nilitoa euro 10. Kiongozi wetu kijana alijua kazi yake. Aliposimulia tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755, asubuhi ya Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wamejaa makanisani, mishumaa imewaka, kisha majengo yanaanguka, moto unashika na bahari inapanda juu ya waliokimbilia ufukweni, hakuna aliyekohoa. Ndiyo maana mitaa ya Baixa, katikati ya mji, imenyooka kama rula: ilijengwa upya yote. Kisha akafika kwenye habari za mabaharia. Vasco da Gama, akasema, alitoka hapa 1497 akaigundua njia ya baharini kwenda India.

Nikanyoosha mkono kama niko darasani. Nikasema natoka Mombasa, na njia kutoka kwetu kwenda India ilikuwa ikijulikana. Yeye alipewa rubani Malindi. Nilidhani kijana atachukia. Alinitazama akasema, "Mombasa? Nyinyi ndio wabaya wetu!" Kundi zima likacheka, mimi nimeduwaa. Akanieleza kwamba katika utenzi mkuu wa mshairi wao Camões, uliotoka 1572 na ambao watoto wao husoma shuleni, mfalme wa Malindi ni mwenyeji mwema anayeketi kusikiliza historia yote ya Ureno, na watu wa Mombasa ni wenye hila waliotaka kuwaangamiza mabaharia. Miaka mia nne na hamsini tunasemwa, hatuna habari.

Kesho yake nikapanda tramu namba 15 kwenda Belém, si ile namba 28 ya manjano inayopigwa picha na kila mtu. Ya 28 niliijaribu Jumamosi jioni: foleni ya dakika 50, kisha kusimama umebanwa, mkono mmoja kwenye chuma na mwingine juu ya mkoba, kwa sababu wezi wa mifukoni ndiyo ofisi yao. Nyota moja. Mitaa ile ile unaweza kuipanda kwa miguu.

Huko Belém ndiko iliko Monasteri ya Jerónimos, lilimo kaburi la Vasco da Gama. Hufungwa Jumatatu, kwa hiyo wa wikendi mko salama. Ua wa ndani una kiingilio. Kanisani niliingia bure. Na kaburi liko pale pale, ukiingia tu, upande wa kushoto. Vasco da Gama amelala chali, wa jiwe, viganja vimekutanishwa kifuani kama anayeomba. Ubavuni mwa sanduku wamechonga merikebu, tanga limejaa upepo, na kamba za mawe zimezunguka. Alifia Kochi, India, 1524. Mabaki yake yaliletwa hapa 1880. Upande wa kulia, sambamba naye, amelala Camões mwenyewe, yule aliyetusema.

Nilikaa pale muda mrefu. Vikundi vilikuja vikaondoka, kila kimoja dakika tatu, picha, twende. Nilikuwa nikifikiria Aprili 1498, meli zao zimetia nanga Mombasa, na usiku ule watu wa kwetu waliogelea gizani kwenda kukata kamba za nanga. Hilo limeandikwa katika kumbukumbu ya msafiri wao mwenyewe. Iliandikwa pia kwamba kabla ya hapo Wareno walikuwa wamewamwagia mateka wawili mafuta ya moto ili waseme. Kisha 1505 Almeida, jemadari wa Wareno, akaja na meli nyingi akauchoma mji. Sasa nani ana hila? Mlinzi alipita mara mbili akinitazama. Sikuwa nalia wala kukasirika. Nilikuwa namkagua tu, kama unavyomkagua mtu uliyesikia habari zake tangu utotoni. Nilitarajia mkubwa zaidi.

Sehemu kubwa ya monasteri ilijengwa kwa fedha za kodi ya biashara ya Afrika na Mashariki, pilipili manga na viungo. Mbele, karibu na madhabahu, makaburi ya wafalme wao yamebebwa na ndovu wa marumaru. Ndovu, Lisbon. Nikiwa na wenzangu wawili nisingeyaona. Mmoja angekuwa na njaa.

Njaa nayo ilifika. Jirani na hapo ni duka la Pastéis de Belém, wanaoka tangu 1837. Usiogope foleni ya nje. Ni ya kubeba, inakwenda haraka. Ndani kuna vyumba vingi vyenye vigae vya buluu na nafasi ya kukaa. Kile kiandazi kinakuja cha moto, maganda yake yanavunjika ukiyagusa, katikati laini kama kastadi, na unapewa unga wa mdalasini kunyunyiza. Nyota tano. Nilikula vinne nikanunua sita vya kubeba.

Chakula cha mchana siku ya kwanza kilinifunza. Niliketi, mhudumu akaleta mkate, zeituni na jibini bila kuulizwa. Nikasema moyoni, hawa watu ni wakarimu kama kwetu. Nikala vyote. Bili ikaja na euro 5 juu. Ni desturi ya mahali: usipovigusa hulipi, kwa hiyo virudishe mapema bila aibu. Kinyume chake, mtaa wa Mouraria nilipata kiduka chenye *chamuças*, ambazo ni sambusa zetu kabisa, za pembe tatu na pilipili, moja chini ya euro 2. Hapo sikuhitaji mkalimani.

Kuhusu usalama, maana ndilo swali nililoulizwa zaidi: Baixa kuna vijana wanaokukaribia na kukunong'oneza kama unataka bangi. Sema hapana, usisimame. Zaidi ya hilo sikusumbuliwa, na nilitembea mpaka saa nne usiku kwenye mitaa yenye watu. Picha ndiyo tabu ya kusafiri peke yako. Za kwangu zote ni za uso na nusu ya mnara.

Kurudi, ndege ilichelewa saa moja na dakika 40, hakuna aliyetueleza kitu. Basi la porini nililolilipia lilikuwa limeondoka. La mwisho tukajazana. Niliingia chumbani saa tisa usiku, na saa mbili asubuhi nilikuwa na semina. Vile viandazi sita vilikuwa vimepondwa chini ya kiti. Wenzangu wawili walivila kwa kijiko, jikoni, wakaniuliza Lisbon kukoje.