iHRIS baada ya miaka mitatu: uzoefu wangu

Nimefanya kazi na iHRIS kila siku kwa miaka mitatu, baada ya miaka mingi ya majalada na daftari. Ni programu huria ya kutunza taarifa za watumishi wa afya, iliyotengenezwa na IntraHealth International, na leseni yake hailipiwi.

Ninachoipendea zaidi ni kwamba inatenganisha nafasi ya kazi na mtu. Unasajili nafasi kwanza, tuseme ya mkunga katika kituo fulani, ndipo unampangia mtu. Akihama au akistaafu, nafasi inabaki pale pale, ikionyesha kuwa iko wazi. Kwenye daftari letu mkunga akiondoka tulipiga mstari mwekundu juu ya jina lake, na nafasi yake ikapotea pamoja naye. Mwaka ukipita hakuna aliyekumbuka kwamba kituo kile kilistahili wakunga wawili. Sasa nikiulizwa ikama ya kituo, yaani idadi ya watumishi wanaotakiwa, najibu hapo hapo.

Taabu iko kwenye kuingiza data, na hiyo haiondolewi na programu yoyote. Nilimkuta tabibu mmoja mara mbili: huku kazaliwa 3/7, kule 7/3, jina la kati limeandikwa kamili upande mmoja na kwa herufi moja upande wa pili. Tulimhesabu kama watu wawili, kituo kikaonekana kimejaa. Nilitaka kumpigia ili nihakikishe. Namba zote mbili tulizokuwa nazo hazipatikani.

Namba ya simu ndiyo sehemu tuliyoizembea, na inaniuma. Liberia, mwaka 2014 wakati wa Ebola, taarifa za iHRIS ziliunganishwa na mfumo wa ujumbe mfupi, muunganiko huo ukaitwa mHero, wizara ya afya ikaweza kuwasiliana na wahudumu moja kwa moja kwenye simu zao. Sisi tusingeweza.

Kwa wanaofikiria toleo la 5: limejengwa upya juu ya FHIR, kiwango cha kubadilishana taarifa za afya kati ya mifumo ya kompyuta, kwa hiyo msianze kabla hamjampata fundi anayekielewa. Wa mabaraza ya taaluma watazame iHRIS Qualify, inayoshughulika na usajili na leseni.

Mimi nimeanza na dogo. Kila mtumishi anayekuja kuomba likizo namgeuzia kioo cha kompyuta, anasoma namba yake mwenyewe, tunairekebisha ndipo nampa fomu.