Kwa boti ya kasi hadi Klein Curaçao: uzoefu wangu

Mwezi Februari nilikwenda Klein Curaçao, kisiwa kidogo kilicho karibu na kisiwa cha Curaçao katika bahari ya Karibi, pamoja na mume wangu na wifi yangu anayeishi Rotterdam, na ninaandika haya kwa ajili ya mwenzangu anayejiuliza kama inafaa kulipa dola 135 za Marekani kwa safari ya siku moja kwenda kisiwa kisichokaliwa na mtu. Kwa maoni yangu inafaa, ila yapo mambo mawili ambayo kampuni iliyotupeleka ilipaswa kutuambia na haikutuambia.

Kisiwa chenyewe hakizidi kilomita za mraba 2, nacho kiko kilomita kama 10 kutoka ncha ya kusini-mashariki ya Curaçao. Ukitazama ramani utadhani ni mwendo mdogo, lakini pepo za huko huvuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima, kwa hiyo kwenda ni kwenda joshi, boti ikikabili upepo na mawimbi. Vyombo vya tanga huchukua takriban saa mbili. Boti yetu ya injini tatu ilitufikisha kwa dakika 50, na dakika hizo ndizo jambo la kwanza. Tulipong'oa nanga katika ghuba ya Caracasbaai huko Curaçao saa moja asubuhi maji yalikuwa shwari, na abiria wengi wakakimbilia viti vya omo, yaani mbele ya boti, ili wapate kuona vizuri. Mara tulipoiacha nchi kavu nyuma yetu, omo ikawa inanyanyuliwa na kubwagwa juu ya mawimbi kwa kishindo, maji ya chumvi yakitupiga usoni, hata mama mmoja mtu mzima akashika kiuno na kulia kwa maumivu, ndipo nahodha akapunguza mwendo na baharia akamhamishia tezi, yaani nyuma ya boti. Mwenye maradhi ya mgongo au mjamzito asipande boti ya namna hii, na hilo lisemwe wakati wa kuuza tiketi, si baada ya watu kuvaa maboya. Anayechafukwa na bahari ameze dawa mapema, akae tezi na akaze macho kwenye upeo.

Faida ya mwendo ule tuliiona tulipofika. Upande wa demani, ambako kisiwa kinaukinga upepo, ufuo mrefu wa mchanga mweupe ulikuwa bado mtupu, na kwa zaidi ya saa moja tulikuwa peke yetu. Gati halipo, unashuka kwa ngazi ya tezi na maji yanakufika kifuani. Nikiwa nimevaa miwani ya kuzamia nilimwona kasa akipanda kuvuta pumzi karibu nami kiasi kwamba niliona mwani ulioota mgongoni mwake, na baharia alitukataza kumgusa au kumfuata, akalisimamia neno lake. Chakula cha mchana kilikuwa kuku wa kuchoma na wali, nacho kilitosha. Kivuli ni haba sana, basi chukua kofia na nguo ya mikono mirefu.

Baadaye mwongozaji alitupeleka kwa miguu hadi kwenye mnara wa taa, ambao ule wa kwanza ulijengwa mwaka 1850 ukabomolewa na dhoruba mwaka 1877, kisha upande wa joshi, ambako meli ya mafuta iitwayo Maria Bianca Guidesman imelala juu ya mwamba ikiliwa na kutu. Alitueleza pia kwamba ardhi imekuwa kama uwanda mkavu kwa sababu fosfati yake, madini ya kutengenezea mbolea, ilichimbwa na kusafirishwa kati ya mwaka 1871 na 1886, na mbuzi wakamaliza majani yaliyosalia.

Lakini magofu ya karantini aliyapita bila kusema neno, na hilo ndilo jambo la pili. Zamani Curaçao ilipokuwa soko la watumwa la Waholanzi, Waafrika waliofika wakiwa wagonjwa walishushwa kwanza katika kisiwa hiki, na waliokufa walizikwa papo hapo. Mimi nimezaliwa Bagamoyo, na kwetu mgeni haondoki bila kusimuliwa habari za misafara ya watumwa, hata kama amekuja kuogelea tu. Nilimwomba mwongozaji atusubiri, tukasimama mbele ya kuta zile za mawe zilizobomoka, mume wangu akawaombea dua marehemu. Maelezo ya dakika 5 yangetosha, na yangewapa abiria wote haki ya kujua wamekanyaga wapi.

Kurudi kulikuwa rahisi mno, kwa kuwa upepo ulitusukuma kwa nyuma na wifi yangu alilala njia nzima. Nimewaandikia wenye kampuni kuhusu mambo yote mawili. Kuhusu viti vya omo wamejibu kwamba wataanza kuwatahadharisha abiria kabla ya kulipa. Kuhusu magofu bado nasubiri jibu.