Hell's Gate Naivasha: mtembezaji ndiye aliyenisomea ukuta wa korongo

Nilienda Hell's Gate, hifadhi ya taifa karibu na Ziwa Naivasha hapa Kenya, Januari 2018 na mpaka leo mtu akiniuliza kama kuna haja ya kulipa mtembezaji namwambia lipa, tena usimpunguzie hata shilingi. Mimi nilienda kupiga picha tu. Baiskeli niliyokodi huko nje barabarani haikuwa na breki ya nyuma na nilijua nikiwa nishaanza mteremko, so jaribu breki kwanza kabla hujatoa pesa.

Ukiingia Elsa Gate unakutana na Fischer's Tower, mnara wa mawe wa kama mita 25, pimbi wamejaa. Kumbe ile ni lava iliyogandia kwenye koo la volkeno, halafu vitu laini vya kuizunguka vikaliwa na mvua na upepo, kikabaki kizibo peke yake.

Lakini korongo lenyewe, Ol Njorowa, ndio mambo yote. Kijana wa Kimaasai aliyetushusha alisimama pale kuta zinapokaribiana hadi unagusa huku na huku kwa wakati mmoja, akaniambia, "Dada, kwaruza hapo." Nikakwaruza na ukucha, ikabanduka kama unga. Majivu ya volkeno hayo, tabaka juu ya tabaka, mengine yana vijiwe vyepesi vyenye matundu, lile lile jiwe tunasugulia visigino. Akaokota kipande cheusi kinang'aa kama chupa iliyovunjika, obsidiani, yaani lava iliyopoa haraka ikawa kioo, akasema watu wa kale walichonga visu nayo, halafu akakirudisha palepale alipokitoa.

Nikamuuliza sasa mto uliochimba haya yote uko wapi, maana chini kulikuwa na kamchirizi tu. Akasema ni ziwa. Maelfu ya miaka nyuma mvua zilikuwa nyingi, Ziwa Naivasha lilikuwa juu sana kuliko unavyoliona leo, likajaa likafurika likatafuta njia kwenda kusini, likakutana na haya majivu laini likayakata hadi chini. Baadaye ukame ukaja, ziwa likashuka, na sasa hakuna mto hata mmoja unaotoka Naivasha. Nilikaa pale nikiangalia ule ukuta, nikaona kweli umelambwa na maji, umepinda umepinda kama kitambaa.

Mbele kidogo maji moto yanatiririka ukutani, nilitia kidole nikakitoa mbio. Maji yanazama chini yanapashwa na mwamba moto halafu yanarudi juu, na ni joto hilohilo kwenye mitambo ya Olkaria wanazalishia umeme tangu 1981, mabomba ya mvuke unayaona ukitembea.

Kisha akanionyesha matawi yamekwama ukutani juu ya vichwa vyetu. Maji yaliyaleta. Mvua inaweza kunyesha huko juu na hapa jua linawaka, na kwenye njia nyembamba hivi maji hayana pa kutawanyikia, yanapanda tu. Septemba 2019 mafuriko yaliua watu humo humo na korongo likafungwa, iliniuma sana, nilikuwa napajua pale. Kwa hivyo kabla hujatoka nyumbani uliza KWS, shirika la wanyamapori linalosimamia hifadhi, kama kushuka kunaruhusiwa, na ukiwa chini mtembezaji akisema tupande sasa hivi, panda, picha iache.