Seti ya kurekodi umeme wa mimea: amplifaya nzuri, waya dhaifu, kijitabu kinachoahidi mno

Kifaa cha kurekodi umeme wa mimea hupimwa kwanza kwa jinsi kinavyozishughulikia ishara za polepole, na hapo ndipo seti hii inapozizidi nyingi zilizobuniwa kwa ajili ya moyo na misuli kisha zikauzwa kwa wanafunzi wa botania. Msukumo wa umeme katika neva hukamilika ndani ya milisekunde chache, ilhali katika Dionaea, mmea unaonasa wadudu, huchukua takriban sekunde moja au zaidi. Kichujio cha amplifaya ya kawaida, yaani kikuza ishara, huliona wimbi la aina hiyo kuwa ni kuyumba kwa volteji na kulifuta, hata linalobaki kwenye skrini likawa kijipande kilichopotoka. Amplifaya hii ina swichi ya kukizima kichujio hicho kabisa, na kwa kuwa inatumia betri, mngurumo wa hezi 50 au 60 unaotoka kwenye nyaya za jengo hupungua sana, ingawa hauishi.

Nilipougusa unywele mmoja wa jani la Dionaea kwa ncha ya brashi laini, mstari ulichepuka ghafla kisha ukarudi taratibu, na jani likabaki wazi. Nilipougusa tena muda mfupi baadaye, wimbi la pili likatokea na mtego ukafunga. Ishara hizi ndizo alizozirekodi John Burdon-Sanderson mwaka 1873, baada ya Charles Darwin kumwomba auchunguze mmea huo, na kuziona zikichorwa mbele yako ni furaha ambayo hakuna mchoro wa kitabuni unaoweza kuitoa. Kifauongo nacho kinafaa, ila kikunjo cha majani yake husogeza waya, kwa hiyo ni afadhali kuufunga kwenye kikonyo.

Udhaifu uko kwenye elektrodi, yaani waya zinazogusa mmea na kupokea ishara. Waya za fedha huja tupu, bila tabaka la kloraidi ya fedha, na bila tabaka hilo volteji huyumba muda mrefu, hasa kichujio kikiwa kimezimwa. Dawa yake ni kuziloweka ncha katika dawa ya kupaushia nguo yenye klorini mpaka zigeuke kijivu kilichokolea, kisha kuzisuuza vizuri. Ajabu ni kwamba kijitabu cha maelekezo hakilitaji jambo hili hata kidogo. Jeli inayopakwa kati ya waya na mmea nayo hukauka upesi na yafaa iongezwe kila mara.

Ninalolipinga kwa dhati ni dai la kijitabu hicho kwamba mtumiaji ataziona chaneli za ioni, yaani vijilango vya utando wa seli vinavyopitisha chembe zenye chaji, zikifunguka. Hataziona. Elektrodi iliyo juu ya jani hupokea jumla ya mikondo ya seli nyingi mno kwa pamoja. Ndani ya kila seli, pampu za protoni huuweka utando kwenye volteji hasi, mara nyingi kati ya milivolti 120 na 200 chini ya sifuri. Seli inaposisimuliwa, kalsiamu huongezeka ndani yake, chaneli za anioni (ioni zenye chaji hasi) hufunguka na kloraidi hutoka, kisha potasiamu hutoka na kuirudisha volteji mahali pake. Katika neva za wanyama kazi ya kuanzisha wimbi hufanywa na sodiamu inayoingia, na mwanafunzi asiyeelezwa tofauti hiyo ataondoka na picha potofu. Chaneli moja moja hupimwa kwa mbinu ya Erwin Neher na Bert Sakmann ya mwaka 1976, iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1991, ambayo hubana kipande kidogo cha utando kwenye ncha ya pipeti ya kioo. Na kwa mimea, ukuta wa seli hulazimika kwanza kuyeyushwa kwa vimeng'enya ili utando uweze kufikiwa.

Kwa darasa linaloanza kujifunza ishara hizi, ningeichagua seti hii bila kusita, mradi mwalimu aandae waya kabla ya kipindi na aieleze mwenyewe sehemu ya chaneli badala ya kukitegemea kijitabu. Mtafiti anayetaka kulinganisha vipimo vya mimea mbalimbali atahitaji elektrodi bora zaidi, na amplifaya hii itazipokea bila tatizo.