Simu za intaneti nilizofungiwa dukani Nakuru: uzoefu wangu

Nianze na hasira, maana ndiyo iliyonikalisha kuandika. Kampuni iliyonifungia simu za mezani za intaneti dukani isikanyage tena mlangoni kwangu. Simu zenyewe nitazizungumzia, na huenda nikazisifu, lakini hilo la kwanza lieleweke.

Nina duka la agroveti hapa Nakuru, si mbali na Top Market, na tawi dogo Njoro. Biashara hii inaendeshwa kwa simu. Mkulima wa Mau Narok au Subukia hapandi matatu kuja kuuliza kama dawa ya kupe imefika. Anapiga, anaeleza mnyama ana nini, tunaelewana bei, anatuma pesa, mzigo unapandishwa matatu ya mchana. Wengi wao hawajawahi kuniona uso. Wananijua kwa sauti, na wananiita daktari.

Zamani tulikuwa na laini ya waya, ile ya 051, ya tangu enzi za Posta na Simu. Nyaya za shaba ziliibwa, zikarudishwa, zikaibwa tena, mwishowe hakuna aliyekuja kuzirudisha. Tukabaki na simu moja ya mkononi ya duka. Aliyeishika akitoka, duka zima halipatikani. Kwa hiyo niliposikia kwamba naweza kuwa na namba moja inayolia kaunta, stoo, kwa mhasibu na hata Njoro, mteja akahamishwa kwa kubonyeza vitufe viwili, na Nakuru ikaongea na Njoro bila kukatwa senti kwa sababu maongezi yanapita kwenye intaneti ninayoilipia tayari, nilikubali upesi.

Vijana wawili walikuja mapema mwaka huu, kabla ya mvua ya kupanda. Kufunga kwenyewe kulipendeza macho. Kebo moja tu kwa kila simu, inaleta umeme na intaneti pamoja kutoka kwenye swichi ya PoE, kisanduku kinachogawa vyote viwili, hakuna chaja wala waya za kukanyagwa. Simu ikawaka, ikajitafutia mipangilio yake, kioo kikaandika jina la duka. Wakapiga kutoka kaunta kwenda stoo. Ikalia, wakaongea. Wakanipa karatasi nitie sahihi, wakaondoka.

Hakuna aliyepiga simu kutoka nje. Hilo liwekeni akilini.

Alasiri mzee mmoja wa pande za Elburgon, mteja wangu wa miaka mingi, alipiga. Ng'ombe wake alikuwa amezaa usiku na sasa amelala chini, hainuki, masikio baridi. Kila anayefuga ng'ombe wa maziwa anaijua hiyo: homa ya maziwa, kalsiamu imeshuka kwenye damu, na mnyama wa namna hiyo hangoji kesho. Haya yote nilikuja kuyajua baadaye. Msichana wangu wa kaunta aliinua simu akakuta kimya. "Haloo? Haloo? Nani mwenzangu?" Kimya. Akakata. Ikalia tena, namba ile ile. "Haloo! Mbona huongei?" Akakata tena.

Kumbe upande wa pili mzee alikuwa anatusikia vizuri kabisa. Alikuwa anasalimu, anaeleza, anaomba, salio lake linaliwa, na anachosikia ni msichana wa dukani kwangu akimfokea na kumkatia. Nilipompigia kwa simu yangu ya mkononi, namba nikiisoma kwenye kioo cha ile ya mezani, alipokea akanyamaza kwanza. Kisha akasema, "Daktari, nimewakosea nini?"

Ng'ombe alipona, kwa sababu mtu mwingine alikuwa ameshafika kumdunga kalsiamu. Lakini swali lile linaniuma hata sasa ninapoandika. Mtu mzima amekusalimu, wewe umemkatia simu. Ukienda kueleza kwamba ni mitambo, nani atakuamini? Na hakuwa yeye peke yake. Kila aliyepiga kutoka nje siku hizo alitusikia, sisi hatukumsikia. Sijui ni wangapi walioamua tu kununua kwingine bila kuniuliza wamenikosea nini.

Nikaipigia kampuni. "Shida ni intaneti yako, madam." Nikawapigia wenye intaneti. "Intaneti iko sawa, waulize wa simu." Nikarudi kwa wa kwanza. Jibu lile lile, kwa sauti ya mtu anayeangalia saa. Mazungumzo ya simu moja ya aina hii hayahitaji hata kilobiti 100 kwa sekunde kila upande. Intaneti hiyo hiyo ilikuwa inabeba kamera za duka usiku na mchana bila kukwama. Niliwaambia hivyo. Hawakunijibu hilo.

Mwishowe akarudi mmoja wao, yule mrefu. Duka lilikuwa limejaa, watu wanachukua mbegu. Akabadilisha waya wa mkono wa simu. Akahamisha simu ya stoo kuileta kaunta. Akapiga kutoka kaunta kwenda stoo, tena, na bila shaka ikasikika, kwa sababu simu mbili zilizo ndani ya duka moja zinaongea zenyewe bila kutoka mlangoni. Nikamwambia, kijana, toa simu yako ya mfukoni, simama hapo nje, upige namba ya duka. Akacheka. Akasema, kwa sauti ya kusikika na kila mtu: "Mathe, hizi vitu zinataka mtu amesoma. Na wateja wako wa ushago wanapiga na mulika mwizi, unategemea nini?"

Mbele yake alisimama mama mmoja wa Bahati, mulika mwizi yake, kisimu cha bei ndogo chenye tochi, mkononi. Aliifunika kwa kiganja.

Mimi nimesomea afya ya mifugo na leseni yangu iko ukutani juu ya kaunta, alikuwa anaitazama. Lakini hata kama nisingekuwa nimesoma neno moja, hiyo ni lugha ya kumwambia mtu aliyekulipa? Na mulika mwizi ina kosa gani? Simu ya duka inayowasikia tu wenye simu za bei ni ya nini Nakuru, ambako anayenunua gunia la chumvi ya ng'ombe ndiye mwenye simu hiyo? Akaandika karatasi ya "ziara ya fundi" ili nilipie, nikakataa kutia sahihi. Jioni nikachomoa zote nikazirudisha kwenye maboksi. Ungeniuliza jioni hiyo, ningekuambia usizinunue kabisa, kaa na simu yako ya mkononi.

Nilipiga kesho yake kudai pesa zangu. Akapokea dada ambaye sikuwa nimewahi kuongea naye. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, na nilikuwa na mengi. Hakusema habari ya kusoma. Aliuliza: "Pole sana, mama. Nyinyi wa duka mkipigiana mnasikizana? Na wa nje akipiga, yeye anawasikia ila nyinyi hamumsikii?" Nikasema ndiyo, ndivyo. Akasema, "Hiyo ni ruta yenu inaingilia. Tukiwa pamoja kwenye laini tutairekebisha."

Na akanieleza, kitu ambacho hakuna mwenzake aliyejisumbua nacho. Kulia kwa simu na sauti ya mtu ni safari mbili tofauti. Kwanza unatumwa ujumbe wa SIP, lugha ambayo simu hizi huitumia kuanzisha maongezi, na ndani yake simu inaandika: sauti nileteeni kwenye anwani hii. Ujumbe ni kama barua, na anwani ya kurudishia jibu iko ndani ya bahasha. Simu ya dukani inaijua tu anwani yake ya humu ndani, ambayo huko nje haina maana, na seva za kampuni nyingi zimeshazoea jambo hilo na kulitatua zenyewe. Lakini ruta nyingi zina kitu kinaitwa SIP ALG, kilichowekwa kusaidia, ambacho kinaifungua barua njiani na kubadilisha anwani. Kikibadilisha vibaya, simu italia, utaipokea, sauti yako itatoka, ya mwenzako itapelekwa pasipo mtu. Ndiyo maana mzee wa Elburgon alitusikia na sisi tukasikia kimya.

Tukaifanya pamoja. Nilifungua ukurasa wa ruta kwenye kompyuta ya mhasibu, jina na nywila ziko kwenye kibandiko chini ya ruta. Akaniongoza mpaka kwenye sehemu ya NAT, pale ruta inapobadilisha anwani za ndani kuwa za nje, tukaikuta SIP ALG imewashwa. Nikaizima, nikahifadhi, nikaizima ruta na kuiwasha upya, kisha simu. Yeye mwenyewe, bila kuombwa, akapiga kutoka nje. "Mama, unanisikia?" Nilimsikia kana kwamba yuko kaunta. Chai haikuwa imepoa.

Hapo ndipo hasira yangu ilipopanda zaidi, badala ya kushuka. Kwa hiyo ilikuwa tiki moja! RFC 3261, waraka unaoeleza SIP jinsi inavyotumika leo, ulitoka mwaka 2002, na sauti ya upande mmoja inajulikana kwa kila anayefanya kazi hii kwa dhati. Yule kijana mrefu huenda hakuwa ameanza hata shule tatizo hili likitatuliwa kwingine. Anauza simu, anatukana wateja wangu, na hajui kitu cha kwanza cha kuangalia.

Na haikuishia hapo. Dada aliniuliza kama walibadilisha nywila ya kila simu. Tukaangalia: "admin", ile iliyotoka nayo kiwandani, kwenye zote. Akanieleza kwamba kuna matapeli wanaopekua intaneti kutafuta simu na mitambo iliyoachwa wazi hivyo, wakiingia wanapiga namba za gharama kubwa za nchi za mbali usiku kucha, na bili inakuja kwa mwenye duka. Ningekuja kulipa mimi. Tukazibadilisha zote. Akaziamuru pia simu zitume ujumbe mdogo kila nusu dakika ili ruta isifunge njia zikikaa kimya, la sivyo baada ya muda simu ya nje haiingii ingawa wewe bado unaweza kupiga.

Jambo la umeme nililigundua mwenyewe. Laini ya zamani ya waya ilipata umeme kutoka kwa Posta kupitia waya huo huo, stima ikipotea simu inaendelea kulia. Hizi zinakufa papo hapo. Nimenunua UPS moja, betri inayoshika stima ikipotea, nikaiunganisha na swichi na ruta, na kwa kuwa swichi ndiyo inayolisha simu, zote zinabaki hai. Ni jambo la sentensi moja wakati wa kuuza. Hawakulisema.

Sasa nifikie sifa, maana zipo na ni za kweli. Tangu siku ile simu hizi hazijanisumbua. Sauti ni safi kuliko ya mkononi. Msimu wa kupanda ulipofika, mteja akiuliza mbegu ambayo Nakuru imeisha, msichana wangu anambonyezea Njoro hapo hapo, na mteja hajui kwamba ameruka karibu kilomita 20. Mhasibu hapigiwi kelele kutoka kaunta tena. Mwenye biashara yenye vyumba viwili au matawi mawili, nasema zichukue. Ndiyo, nimesema nyingine hapo juu, na jioni ile nilikuwa na haki ya kusema vile. Ila kabla hujatia sahihi kwenye karatasi ya mtu yeyote, mtoe nje ya jengo, apige kwa simu ya mkononi, na ikiwezekana mulika mwizi, na nyote wawili msikizane kwa dakika kadhaa. Kisha wewe upige nje. Kisha usubiri saa nzima simu ikiwa imekaa tu, upigiwe tena. Akikataa, mwambie afunge kebo zake aende.

Mzee wa Elburgon bado ananunua kwangu, lakini namba ya duka haigusi. Anapiga ya kwangu binafsi tu. Nimemweleza, ameitikia, na hajabadilika. Hiyo hasara haiko kwenye ankara ya mtu.

Na ankara ninazo, maana wamenitumia ya ile ziara ya pili, ziara ya matusi. Sijailipa na silipi. Nimemwandikia meneja wao kwamba nataka simu mbili zaidi za Njoro, na kwamba dada yule ndiye atakayenisimamia kuzifunga, hata kama ni kwa kuongea naye tu kwenye laini. Wakinitumia yule mrefu, oda hiyo inakwenda kwa kampuni nyingine.